Maharagwe Hayasikii Kizungu

Nina jambo limenikaa kooni tangu muhula wa pili mwaka jana, na leo nalitema. Atakayeudhika aniwie radhi, au asiniwie, shauri yake.

Nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya uhandisi ya wanafunzi wa sekondari. Sitayataja kwa jina wala mahali, kwanza kwa sababu si wao peke yao wenye kosa hili, na pili kwa sababu mshtakiwa namba moja ni mimi mwenyewe, kama mtakavyoona. Kazi yangu ni kuandika programu. Waliniita kwa kuwa mtu fulani alimwambia mtu fulani kwamba nina digrii ya kompyuta, na hapa kwetu mwenye digrii ya kompyuta huitwa kutengeneza printa, kufungua simu iliyojifunga na kuamua mashindano ya roboti. Nilikwenda kwa furaha, hata shati nilipiga pasi.

Kazi waliyopewa wanafunzi ilikuwa tamu kwa urahisi wake. Mabakuli mawili juu ya meza, nusu mita kati yao. Katikati ukuta wa kadibodi wa sentimita 20. Bakuli la kwanza lina punje 100 za maharagwe ya rosecoco. Unda mashine itakayoyahamisha hadi bakuli la pili kwa dakika tatu, bila mkono wa mtu kugusa maharagwe wala bakuli. Ukipenda pita juu ya ukuta, ukipenda uzunguke. Basi, hayo tu.

Msiidharau kazi hiyo. Punje moja ya rosecoco ina uzito wa karibu nusu gramu, kwa hiyo zote 100 ni kama gramu 50. Kuzinyanyua sentimita 20 kunahitaji nishati ya takribani jouli 0.1, na betri mbili ndogo za rimoti zina maelfu ya jouli. Kwa hiyo nguvu si tatizo hata kidogo. Tatizo ni kushika na kuachilia. Punje ni laini, inateleza, ina umbo la figo, na hakuna mbili zinazolingana. Ukitumia kijiko, zinaporomoka mkono unapoanza kuzunguka na zinaporomoka tena unaposimama. Ukitumia faneli, zinakwama. Tundu likiwa jembamba kuliko takribani mara tano ya upana wa punje, punje hujishikanisha zenyewe zikafanya tao juu ya tundu, kila moja ikimwegemea mwenzake, na hakuna inayoshuka. Mwenye kinu cha kusaga unga anaijua habari hiyo vizuri, ndiyo maana hukosi kumwona akigonga ubavu wa faneli yake ya bati kwa ngumi. Mambo hayo huwezi kuyajua kwa kusoma. Utayajua saa kumi jioni, baada ya maharagwe kumwagika sakafuni mara ya tisa.

Sasa, timu mbili.

Timu ya kwanza ilitoka shule yenye maabara ya kompyuta na mkufunzi wa roboti anayelipwa kwa muhula. Walikuja na kigari kutoka kwenye kisanduku cha dukani, kile ambacho kila kipande kina namba na kitabu cha picha kinachokuonyesha namba 4 inaingia kwenye namba 7. Kigari kilikuwa na vihisi chini ya tumbo. Kihisi kama hicho hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha hupima kiasi kinachorudi: karatasi nyeupe hurudisha mwingi, mstari mweusi hurudisha kidogo. Hivyo kigari hufuata mstari mweusi ulioizunguka ncha ya ukuta, kimeshika kikombe kidogo mbele. Wanafunzi walikuwa na fulana za rangi moja, projekta, slaidi, na Kiingereza cha kutiririka kama mtangazaji wa habari za saa tatu.

Safari ya kwanza kigari kilifikisha punje 7. Safari ya pili, wingu lilipita, jua likaingia kwa dirisha la ukumbi na kutua juu ya meza. Jua nalo lina infraredi tele. Kihisi kikaona mwanga mwingi kila mahali, kikaamini dunia nzima ni karatasi nyeupe, na kigari kikaanza kuzunguka mahali pamoja kama mbwa anayetafuta mkia wake. Kiliendelea hivyo hadi kengele ya dakika tatu.

Hapa mtaniruhusu niongee kama fundi wa programu. Dawa ya ugonjwa ule ni namba moja. Ndani ya programu kuna mstari unaosema, kihisi kikisoma chini ya kiasi fulani hapo ni peusi, kikisoma juu yake ni peupe. Unaibadilisha namba hiyo kulingana na mwanga wa mahali ulipo, au unaandika mistari michache kigari kijipimie chenyewe kabla ya kuanza, au, kama huna muda, unafunika vihisi kwa kadibodi kuzuia jua. Nilimuuliza kiongozi wao kwa upole, namba hiyo iko wapi? Kijana akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akatazama dari. Programu ile haikuwa ya wanafunzi. Walikuwa wameikariri jinsi tulivyokuwa tukikariri vifungu vya Biblia tusivyovielewa.

Timu ya pili walikuwa watatu, msichana wa kidato cha pili na wavulana wawili, kutoka shule ya kutwa. Mashine yao ilikuwa mkono wa mbao wenye viungo vya spoku za baiskeli, juu ya kipande cha plaiwudi. Uliendeshwa kwa mabomba ya sindano, jozi tatu, kila jozi imeunganishwa kwa mpira wa dripu uliojaa maji. Ukisukuma bomba moja upande huu, la pili linatoka upande ule. Jozi moja inazungusha mkono, moja inaunyanyua, moja inainamisha kikombe.

Walikuwa wameanza na hewa badala ya maji. Msichana alinieleza kwa nini waliiacha: hewa inaminyika, kwa hiyo unasukuma, hakuna kinachotokea, unasukuma tena, kisha mkono unaruka ghafla na maharagwe yanatawanyika darasani. Maji hayaminyiki, mkono unatii pale pale, mradi usiache hata kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira. Walikuwa wamegundua pia kwamba bomba jembamba likisukuma bomba nene unapata nguvu zaidi lakini mwendo mfupi zaidi, na wakachagua bomba nene upande wa kunyanyua na mabomba sawa upande wa kuzungusha, kwa sababu huko walitaka mwendo. Mfaransa Pascal aliyaandika hayo katika karne ya 17. Hawa waliyafikia kwa kununua mabomba katika duka la dawa, kwa bei isiyofika ya chupa ya soda.

Kijiko walikijaribu, wakakitupa. Kikombe chao cha mwisho kilikuwa kitako cha chupa ya plastiki, ukingo wake umevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili maharagwe yashikwe na mpira yasiteleze. Walifanya safari 13 na kuhamisha punje 83. Watoto waliokuwa nyuma ya ukumbi walisimama juu ya viti wakihesabu kwa sauti.

Sasa nije kwenye fomu.

Fomu ya waamuzi ilikuwa na alama 100. Uwasilishaji, 30. Ripoti ya maandishi, 25. Matumizi ya teknolojia ya kisasa, 25. Unadhifu, 10. Na mwisho kabisa, chini ya ukurasa, karibu na mahali pa sahihi, utendaji wa mashine, 10.

Kumi! Kazi yenyewe ni kuhamisha maharagwe, na kuhamisha maharagwe kunalipwa sawa na kupiga fulana pasi.

Timu ya kigari ilipata 82. Timu ya mabomba ilipata 45. Waliohamisha punje 7 wakaenda ngazi ya juu, waliohamisha punje 83 wakaenda nyumbani.

Msifikiri tuliiba. Tulijaza fomu kwa uaminifu kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Msichana alianza maelezo yake kwa Kiingereza, akakwama penye viputo vya hewa, akahamia Kiswahili ambako alieleza vizuri sana, na mwamuzi mwenzangu akamkatiza akisema, kwa Kiingereza tafadhali. Akapoteza alama. Ripoti yao haikuchapwa. Ilikuwa daftari la mraba, limeandikwa kwa kalamu mbili za rangi tofauti, jaribio la 1 hadi la 31. Kila jaribio lina idadi ya maharagwe yaliyofika, yaliyomwagika, na kitu kimoja walichobadilisha kabla ya jaribio lililofuata. Kitu kimoja tu kila mara! Nimefanya kazi na watu wazima wenye mishahara ambao hubadilisha vitu sita katika programu kwa mpigo, kisha wanakuja kukuuliza nini kimeiharibu. Daftari lile lilipata 11 kati ya 25 kwa sababu fomu ilitaka jalada, yaliyomo na kurasa zilizochapwa. Ripoti ya kigari ilikuwa na jalada, yaliyomo na picha za rangi. Haikuwa na jaribio hata moja lililoshindwa.

Nilimwambia mwenyekiti wetu, mzee, hapa tunakosea. Alikuwa mtu mpole, simlaumu. Akaniambia, "Kijana, fomu ni fomu." Chakula kilikuwa kinapoa. Nikatia sahihi.

Nilipokuwa natoka, yule msichana alikuwa mlangoni amebeba ule mkono wa mbao ndani ya gunia la unga. Akaniamkia, kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa tu: "Mwalimu, kwani maharagwe hayakuhesabiwa?"

Nilimwambia yalihesabiwa. Ni kweli yalihesabiwa. Nilipanda matatu nikiwa nimekosa raha.

Nikaanza kusoma mashindano ya namna hii yalitoka wapi, nikidhani labda ndivyo yalivyo duniani na mimi ndiye mshamba. Kumbe sivyo. Huko Marekani, katika chuo cha MIT, kulikuwa na kozi ya mwaka wa pili iliyoitwa 2.70. Miaka ya 1970 ilishikwa na profesa kijana, Woodie Flowers, aliyefariki mwaka 2019. Kila mwanafunzi alipewa mfuko wa vikorokoro, sawasawa na wa mwenzake, pamoja na kazi moja ya kufanya, na mwisho wa muhula mashine zilipambana mbele ya umati uliokuwa ukipiga kelele kama wa mechi ya mpira. Hakuna aliyeuliza fulana yako ni ya rangi gani. Mashine imefanya au haikufanya.

Flowers huyo ndiye aliyesaidiana na mvumbuzi Dean Kamen kuanzisha mashindano ya FIRST ya shule za sekondari. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1992, katika ukumbi wa michezo wa shule moja kule New Hampshire, timu 28. Kazi ilikuwa kukusanya mipira ya tenisi na kuifikisha kambini kwako, na uwanja wote ulikuwa umemwagwa punje za mahindi ili magurudumu yateleze. (Wao walimwaga mahindi, sisi tukaleta maharagwe, githeri imekamilika.) Timu zote zilijenga kwa vifaa vya aina moja walivyogawiwa. Nako Tokyo, miaka ya 1980, profesa Masahiro Mori aliwapa wanafunzi wake betri mbili tu za tochi na kuwaambia waunde gari litakalobeba mtu kwa nguvu hiyo. Kutokana na mambo kama hayo wakapata mashindano ya Robocon yanayoonyeshwa kwa televisheni.

Mnaona wazo lao? Kazi moja iliyo wazi, vifaa sawa kwa wote, na mwamuzi ambaye huwezi kumpa soda. Mpira umefika au haujafika. Hata mashindano ya dunia ya FIRST Global yaliyoanza Washington mwaka 2017, ambako timu za nchi zaidi ya 150 zilihamisha mipira ya buluu na ya rangi ya machungwa iliyowakilisha maji safi na uchafu, yalianza kwa kuzitumia nchi zote kisanduku kimoja cha vifaa. Ni kweli huko nako fedha zimeingia. Leo timu moja ya sekondari kuingia msimu wa FIRST wa roboti kubwa ni maelfu ya dola kabla hujanunua hata skrubu, na tuzo za uwasilishaji zipo pia. Lakini uwanjani alama bado zinatoka kwa kitu kilichohama. Sisi tumechukua fulana, muziki na vikombe vya dhahabu, tukauacha uwanja.

Najua mtakalosema. Nilishaambiwa na marafiki watatu na shemeji mmoja.

La kwanza, kwamba uwasilishaji ni muhimu, mhandisi asiyeweza kujieleza hana kazi. Nakubali. Mimi mwenyewe nimepoteza kazi kwa kushindwa kumweleza mteja kwa nini alichotaka hakiwezekani. Basi wekeni tuzo ya uwasilishaji, kikombe chake, cheti chake, hata kiwe kikubwa kuliko vingine. Lakini msikichanganye na maharagwe katika hesabu moja. Ukijumlisha ufasaha na punje, ufasaha utashinda kila siku, kwa sababu ufasaha unanunuliwa na punje hazinunuliki. Tena kujieleza kwa lugha gani? Mtoto yule alieleza kanuni ya Pascal kwa Kiswahili sanifu mbele ya watu wazima watatu wote wazaliwa wa hapa. Kama hatukumwelewa, basi tatizo halikuwa lake.

La pili, kwamba dunia imesonga, mabomba ya sindano ni ya zamani, watoto wafunzwe kuandika programu. Hili linanichekesha likielekezwa kwangu. Programu ndizo zinazolipa kodi ya nyumba yangu! Lakini kuandika programu ni nini? Ni kudhani kitu kitatenda hivi, kukiendesha, kukiona kinatenda vile, na kutafuta kwa nini, jambo moja baada ya jingine, mpaka usiku wa manane. Katika ukumbi ule, waliokuwa wakiandika programu ni wale wa daftari la mraba. Wale wa kigari walikuwa wakiendesha programu ya mtu mwingine. Ningeajiri mtu kesho, ningemfuata mwenye majaribio 31, nimfunze lugha ya kompyuta kwa miezi mitatu. Kumfunza yule mwingine kukubali kwamba mashine yake imekosea kungechukua muda mrefu zaidi, na kosa si lake, ni la mkufunzi aliyemnyima nafasi ya kukosea.

Sikatai vihisi wala mota. Kigari kile kingeweza kushinda kwa haki. Wangepewa saa moja, jua, na ruhusa ya kugusa programu yao wenyewe, pengine wangehamisha punje 90 na ningewapigia makofi.

La tatu ndilo zito, na sikulipata kwa marafiki, nililipata kwa mwalimu mmoja wa fizikia ambaye namheshimu. Alisema: wewe mtu wa kompyuta unapenda hadithi ya mtoto maskini na gunia lake. Unataka watoto wetu waendelee kuunda vitu kwa takataka wakati wenzao wana maabara, halafu mnakuja kupiga picha na kuita ubunifu. Umaskini si ubunifu.

Nilinyamaza muda mrefu. Ana haki. Kuna watu wanapenda sana kuona watoto wa Kiafrika wakiunda ndege kwa makopo, mradi tu wasiombe maabara. Mimi simo. Wanafunzi wa MIT hawakuwa maskini, walipewa mfuko wa vikorokoro wakiwa katika mojawapo ya vyuo tajiri duniani. Mfuko ule ulikuwa pale ili kila mtu aanzie mstari mmoja, na ili uchache wa vifaa umlazimishe kufikiri. Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hili: shule yake ipewe maabara, mota na vihisi, hilo ni deni la serikali na halifutwi na kikombe chochote. Lakini siku ya mashindano, timu zote zifungue sanduku lile lile. Kukiwa na mota ndani, mota kwa wote. Kukiwa na mabomba ya sindano, mabomba kwa wote. Mtoto wa shule ya kutwa asishindanishwe na pochi ya mzazi aliye ng'ambo ya mji.

Na hapo nisiwasahau wazazi. Tangu mtaala wa umilisi uanze, sote tumeziona kazi za mikono zinazopelekwa shuleni asubuhi zikiwa zimekamilika kiasi cha kutia shaka. Mtoto wa gredi ya nne hawezi kukata mbao kwa pembe iliyonyooka namna ile. Mzazi amekesha, au fundi wa mtaani amelipwa, na mwalimu anajua, na mzazi anajua kwamba mwalimu anajua. Dawa ya hilo pia iko kwenye maharagwe. Kazi ifanyiwe shuleni, kwa sanduku lililofunguliwa hapo hapo, kwa siku mbili au tatu, na kitu kilichoundwa kijaribiwe hapo hapo. Baba aliye kazini hawezi kukushikia mpira wa dripu.

Nimeandika fomu yangu mpya. Punje zilizofika zinabeba alama 70. Daftari la majaribio linabeba 30, kwa mkono au kwa mashine, Kiswahili au Kiingereza au lugha ya nyumbani akiwepo wa kutufasiria, na jaribio lililoshindwa lina thamani sawa na lililofaulu mradi limeeleza nini kilibadilishwa. Maelezo ya mdomo yako katika karatasi nyingine kabisa, yana tuzo yake. Hakuna mstari wa unadhifu. Hakuna mstari wa teknolojia ya kisasa. Na kila timu inaruhusiwa dakika ishirini za kurekebisha baada ya jaribio la kwanza, wanafunzi peke yao, wakufunzi wakinywa chai nje.

Waandaaji wa mwaka jana wameniandikia tena wakiniomba niwe mwamuzi. Nimewajibu kwamba nitakuja wakiitumia fomu hii. Bado hawajasema ndiyo, wamesema italetwa kikaoni. Walimu wenye ukumbi, meza na dirisha linaloingiza jua, nanyi mkiitaka fomu, niandikieni. Maharagwe nitaleta mwenyewe.